Boliti Nne

Nilipima kwa utepe wa cherehani,
ule wa manjano, namba zimefifia kwa viuno vya watu,
maana utepe wa chuma wa kaka yangu Lothar
ulikuwa umejikunyata ndani ya gamba lake, hautoki,
na Lothar mwenyewe kaegemea mlango, anacheka:
"Rosina, hilo ni gari, si gauni la harusi."

Miaka thelathini nashona mapazia hapa Quorn,
nyumba za mawe, madirisha marefu,
vumbi jekundu linaloingia bila hodi.
Kitambaa nakijua. Kitambaa kina huruma:
ukikosea upana wa kidole, kinavutika, kinakusitiri.
Plaiwudi haisitiri mtu.

Jumapili ya kwanza nilikata ubao mzima mmoja,
nikaupiga msasa, nikauvika zulia la kijivu,
nikaubeba hadi nyuma ya gari.
Ukagoma.
Sakafu nilikuwa nimeipima; mlango sikuupima.

Lothar hakusema kitu. Hilo ndilo lililouma.

Sasa, gari lenyewe lina kazi zake.
Jumatatu hubeba majora yangu,
Alhamisi hubeba kiti cha Mama, chenye magurudumu,
hadi kliniki ya Port Augusta.
Kwa hiyo jukwaa lije, liondoke,
kama mgeni anayejua siku zake,
na sakafu isitobolewe hata tundu.
Matundu yapo tayari, manne,
palipofungwa viti vya nyuma
kabla hatujaving'oa vikawa vya kuku kutagia.

Na friji ya nini? Lothar anadhani ya bia.
Bia itapata pembe yake, simnyimi.
Lakini chini kabisa, ndani ya kopo la biskuti,
ni insulini ya Mama,
na Mama, mwenye miaka themanini na mbili,
tangu Pasaka ameomba kitu kimoja tu: maji.
Si ya kunywa.
Mvua ya mbali imeshuka mito mikavu
wiki baada ya wiki, bila pupa,
na ziwa la chumvi huko kaskazini,
aliloliona kavu akiwa msichana, kavu akiwa bibi arusi,
limejaa. Mwari wametua,
ndege hao, na nani aliyewapelekea habari?

Nikaukata ubao katikati.
Nikatia bawaba ndefu, ya kuchomoa sindano yake,
nusu iingie, nusu iifuate, zishikane humo ndani.
Reli mbili za droo, komeo, mikanda,
waya mnene kutoka betri, fyuzi yake,
na boliti nne.
Njia ya Marree ina mikunjo kama ubao wa kufulia;
jukwaa lilipiga kelele hadi nikalibana kwa vipande vya pazia.
Friji ikanguruma taratibu, digrii nne,
Mama akaisikiliza kama redio.

Ufukweni, kiti kikazama.
Mchanga ule ulikunywa magurudumu hadi kwenye ekseli,
na maji yako pale, hatua hamsini,
yanameta, yanatukalia mbali.
Lothar akasema atambeba. Mama akasema
yeye si gunia.

Nikachukua spana.
Boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu; ya nne ilikuwa na vumbi, ikabisha.
Friji tukaiweka kivulini, chini ya gari, inanguruma peke yake.
Nikachomoa sindano ya bawaba.
Nusu mbele, sukuma.
Nusu nyingine mbele, sukuma.
Lothar anaokota nyuma, mimi natandika mbele,
Mama juu ya zulia la kijivu,
mikono mapajani, anatuhimiza kwa kidevu.
Ilituchukua saa nzima.
Alipofika alivua soksi mwenyewe.

Jumatatu majora yamerudi garini.
Jukwaa limesimama bandani, limeegemea ukuta,
zulia lake gumu kwa chumvi,
na juu yake, kwa penseli, mwandiko wa Lothar:
upana wa mlango.